Mita 200 za Ndundu: mbinu za msimu wa kwanza wa mwendokasi

Daraja la Mkapa pale Ndundu lina urefu wa mita 970. Pambano la mwendokasi wa baiskeli uwanjani, lile la wawili kwa wawili tunaloliona kwenye Olimpiki, ni mizunguko mitatu ya uwanja wa mita 250, yaani mita 750. Kwa hiyo pambano zima lingeanza na kwisha kabla hujamaliza kuvuka mto Rufiji. Na katika mita hizo 750, zinazopimwa kwa saa ni 200 za mwisho tu. Kabla ya hapo wapinzani huviziana, hutambaa, na pengine husimama tuli juu ya pedeli bila mguu kugusa chini, kila mmoja akimsubiri mwenzake akosee.

Naanza na daraja kwa sababu mazungumzo ya mbio za baiskeli huku kwetu, Kibiti, Ikwiriri hadi Muhoro, huwa ni ya umbali. Shujaa ni aliyekwenda Somanga akarudi siku hiyo hiyo. Huyo ana moyo, hakuna ubishi. Lakini kijana anayepakia magunia ya mkaa kwenye keria na kuyafikisha sokoni kila siku tayari ana miguu. Anachokosa ni vitu vitatu: umbali uliopimwa, saa, na mapumziko. Makala hii ni ya vitu hivyo vitatu, na cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote.

Kwanza, jua unafuata nini

Tanzania haina uwanja wa baiskeli wa mbao wenye kona zilizoinuka. Afrika yenyewe inavyo vichache; kimoja kiko Cairo, ambako mashindano ya dunia ya vijana ya mbio za uwanjani yalifanyika mwaka 2021. Usikate tamaa kwa hilo. Bonde la Rufiji halina mlima, na kwa anayetaka kuwa mkwea milima hiyo ni hasara. Kwa mtu wa mwendokasi, ardhi tambarare ndiyo mali.

Mfano wa karibu ni Biniam Girmay, aliyezaliwa Asmara, Eritrea, mwaka 2000. Yeye ni mtu wa barabarani, si wa uwanjani, lakini silaha yake ni zile zile mita 200 za mwisho. Mwaka 2018, akiwa bado daraja la vijana, alipita katika kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, kilichoko Aigle, Uswisi, chenye uwanja wa ndani wa mita 200. Mwaka huo huo, katika mbio za vijana Ubelgiji, alishinda hatua moja mbele ya Remco Evenepoel. Miaka minne baadaye ukaja msimu wake wa kuchomoza. Tarehe 27 Machi 2022 alishinda Gent–Wevelgem, na tarehe 17 Mei akashinda hatua ya kumi ya Giro d'Italia akimwacha Mathieu van der Poel. Mwaka 2024 akachukua hatua tatu za Tour de France pamoja na jezi ya kijani ya pointi.

Hesabu miaka: kutoka 2018 hadi 2022. Msimu wa kuchomoza huonekana wa ghafla kwa wanaotazama tu. Kwa mwenye baiskeli una tarehe, na huandikwa kwenye daftari.

Baiskeli uliyonayo

Baiskeli ya uwanjani haina breki, na gia yake ya nyuma haizunguki bure: gurudumu likizunguka, pedeli nazo lazima zizunguke. Usijaribu kuiga hilo barabarani. Kijana atakayeng'oa breki za baiskeli yake ya Phoenix ili afanane na wa Olimpiki atafanana na aliyelazwa hospitali.

Fanya haya badala yake. Ng'oa keria, makasha na stendi siku ya mazoezi. Ni kilo kadhaa za bure. Mpelekee fundi afungue ekseli, asafishe gololi na kutia grisi mpya. Cheni ikaushwe vumbi na kupakwa mafuta kidogo, si kuogeshwa, maana mafuta mengi na vumbi la Ikwiriri hutengeneza msasa. Spoku zote zikazwe sawa, gurudumu lisiyumbe. Tairi zijazwe hadi kidole gumba kisizibonyeze. Vaa raba zenye soli ngumu. Kandambili ikiteleza kwenye pedeli ukiwa umesimama kwa nguvu zote, utaangukia bomba la fremu. Na kofia ngumu si pambo.

Sasa hesabu meno. Tuseme gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma 20. Gawanya: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 2.4. Kama gurudumu lako husafiri mita 2.2 kwa mzunguko, basi kila mzunguko wa pedeli unakupa mita 5.28, na mita 200 ni mizunguko 38 hivi. Ukitaka kuzimaliza kwa sekunde 16, miguu lazima izunguke kwa kasi ya mara 142 kwa dakika. Wengi wakifika hapo huanza kurukaruka kwenye siti. Mwambie fundi akufungie gia ya nyuma ya meno 18: mizunguko inashuka hadi 34, na kasi ya miguu hadi 128 hivi kwa dakika. Gia nzito zaidi si bora siku zote, kwa kuwa itakuchelewesha kuondoka. Jaribu mbili, andika saa, uache namba ziamue.

Kupima mita 200 kwa chaki

Usipime kwa hatua, wala kwa kusema kutoka mwembe hadi kibanda. Pima kwa tairi lako mwenyewe.

Simamisha baiskeli kwenye ardhi ngumu, valvu ya gurudumu la mbele ikiwa chini kabisa. Chora mstari wa chaki chini ya valvu. Sukuma baiskeli taratibu, umenyooka, hadi valvu irudi chini tena. Chora mstari wa pili. Pima kati ya mistari hiyo miwili kwa futi ya fundi cherehani au ya seremala. Tairi nyingi za inchi 28 zitakupa karibu mita 2.2. Kama ni hivyo kamili, mita 200 ni mizunguko 91, na zinazidi kwa sentimeta 20 tu. Funga uzi mwekundu kwenye spoku iliyo karibu na valvu ili jicho lisipotee, kisha tembea na baiskeli ukihesabu kwa sauti. Mtu wa pili ahesabu pia. Mkitofautiana, rudieni.

Weka kigingi mwanzo na kigingi mwisho. Unahitaji pia mita 100 au zaidi kabla ya mwanzo, za kupandisha kasi, na mita 150 tupu baada ya mwisho, za kupunguza. Kwa sababu hiyo usichague barabara ya Kilwa, hata kama lami yake inakuita. Mabasi ya Lindi na Mtwara hayajui kuwa unajipima. Wala daraja lenyewe si uwanja. Halina pa kukimbilia. Tafuta barabara ya ndani iliyoshindiliwa, yenye kuonekana mwanzo hadi mwisho, na uende alfajiri kabla ng'ombe na pikipiki hazijaamka.

Mwenye simu asimame mstari wa mwisho. Mwingine asimame mwanzo na kitambaa cheupe. Gurudumu la mbele likigusa mstari, anakishusha, saa inaanza. Kidole cha binadamu kina kosa la sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde. Kwa hiyo usishangilie kushusha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo ni ya kidole, si ya mguu.

Na kila siku ya kupima, piga mara mbili: kwenda na kurudi, ukiwa umepumzika katikati. Kusi likivuma, upande mmoja litakubeba na upande mwingine litakukaba. Chukua wastani. Ukurasa wa daftari uonekane hivi:

Juni 14, saa 12 na nusu asubuhi. Kusi kidogo. Kwenda 17.2, kurudi 16.0. Wastani 16.6. Gia 48 kwa 18. Miguu mizito, jana nilibeba mkaa.

Sentensi ile ya mwisho ina thamani kuliko namba zote zilizotangulia. Baada ya wiki nane utaisoma na kuona kila siku mbaya ilitanguliwa na nini.

Ili usijidanganye juu ya ukubwa wa dunia: katika Olimpiki ya Paris 2024, Mholanzi Harrie Lavreysen alipita mita 200 kwa sekunde 9.088, yaani wastani wa zaidi ya kilometa 79 kwa saa, kwenye mbao, ndani ya jengo lisilo na upepo. Usijilinganishe naye. Jilinganishe na ukurasa wako wa Juni. Lakini kumbuka kwamba naye hakuanzia uwanjani: alikuwa mkimbiza BMX, zile baiskeli ndogo za vilima vya udongo, majeraha ya bega yakamhamisha. Nguvu ya kuchomoka alikwenda nayo.

Mazoezi matatu, basi

Kabla ya zoezi lolote, endesha taratibu dakika 20, kisha mara tatu ongeza kasi kwa sekunde tano tano. Msuli baridi hukatika.

La kwanza ni kuondoka. Simama kabisa, mguu wenye nguvu mbele, pedeli ikiwa juu kidogo ya usawa. Inuka, vuta hendeli kuelekea kiunoni kadiri unavyokanyaga, nenda kwa nguvu zote mita 50. Mara sita. Pumzika dakika tano kati ya moja na nyingine.

La pili ni kuruka ukiwa kwenye mwendo. Pandisha kasi polepole mita 100, kisha kutoka kwenye kigingi toa kila ulichonacho kwa mita 100. Mara nne. Pumzika dakika nane hadi kumi. Hapa kaa kwenye siti, viwiko vimekunjwa, kifua chini. Upepo ndio mpinzani mkubwa: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kukusukuma nyuma huongezeka mara nne. Kichwa kikishuka kidogo tu, saa itakuambia.

La tatu ni nguvu, mbali na baiskeli. Kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mfuko wa mchanga mabegani, seti nne za mara sita. Kijana wa chini ya miaka 16 atumie uzito wa mwili wake tu, na kuruka ngazi. Mgongo unyooke, ukipinda, mfuko ni mzito mno.

Wiki ipangwe hivi: Jumanne kuondoka, Alhamisi kuruka, Jumamosi mchezo wa wawili nitakaoueleza hapa chini, na nguvu mara mbili, siku zile zile za Jumanne na Alhamisi jioni. Jumapili endesha taratibu saa moja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hakuna mbio.

Mapumziko ndiyo zoezi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kijana anasoma "dakika tano" na kuona ni uvivu. Anapiga ya pili baada ya dakika moja, ya tatu akiwa anahema, ya sita anatambaa, na anarudi nyumbani akijisifu kuwa amechoka kweli kweli. Amefanya zoezi la kuchoka. La kasi hakulifanya.

Msuli una akiba ndogo ya nguvu ya haraka, inayotumika kwa sekunde chache tu, kisha inakwisha. Hujaa tena kwa dakika kadhaa. Ukianza kabla haijajaa, mwili hutumia njia nyingine, ile ya mwendo mrefu, ambayo mbebaji mizigo anayo tele. Kanuni ni nyepesi: ukiona umepungua waziwazi mara mbili mfululizo, siku hiyo imekwisha. Kunja, nenda nyumbani. Na kila wiki ya nne, punguza kila kitu nusu.

Najua neno "pumzika" ni rahisi kuandika. Mwenye kutegemea mkaa au samaki wa kupeleka sokoni hawezi kumwambia mama yake kuwa Jumatatu habebi kwa kuwa Jumanne anakimbia. Basi panga kinyume: mzigo mzito wa wiki uwekwe mara baada ya zoezi, usiwe usiku wa kuamkia zoezi. Beba mchana wa Alhamisi, si jioni ya Jumatano. Wazee wakiona daftari, na wakaona kazi haijalala, wataelewa mapema kuliko unavyodhani.

Chakula hakihitaji kopo la dukani. Wali au ugali, kunde, perege, viazi vitamu, maembe yakiwa msimu. Kula ndani ya saa moja baada ya zoezi. Joto la bonde ni kali: maji yenye chumvi kidogo na sukari, au dafu, kabla kiu haijakushika.

Na jilinde na vidogo. Siku ile aliposhinda hatua ya Giro mwaka 2022, Girmay alifungua chupa ya mvinyo jukwaani, kizibo kikamruka jichoni. Kesho yake hakuendelea na mashindano. Mwaka 2024 alianguka mara mbili siku moja kwenye Giro akajitoa. Haikutimia miezi miwili, akashinda hatua yake ya kwanza ya Tour de France pale Turin. Katikati ya anguko na ushindi hakukuwa na miujiza: alipona, akaanza tena. Ukianguka na kichwa kikagonga, hata kama unasimama, siku hiyo hupandi tena, na unakwenda zahanati.

Mchezo wa wawili

Hii ndiyo raha ya Jumamosi. Wawili, njia moja, kilometa nusu, na mita 200 za mwisho zilizowekewa kigingi. Mwenye kura fupi anaongoza.

Wa mbele ana shida: anakata upepo na haoni nyuma. Wa nyuma amejikinga, anaona kila kitu, lakini ana umbali wa kufidia. Hapa ile methali ya mwenda pole hajikwai ina maana yake kamili. Wa mbele aende polepole mno, akimtazama mwenzake chini ya kwapa, amlazimishe apite. Wa nyuma aache nafasi ya urefu wa baiskeli mbili, kisha aanze kasi ndani ya nafasi hiyo. Akifika kwenye gurudumu la mwenzake awe tayari ana mwendo mkubwa kuliko wake, ndipo atoke pembeni. Anayetoka pembeni kwanza na kuongeza kasi baadaye hula upepo wote bure.

Badilishaneni. Shindano likichukuliwa mara mbili kati ya tatu, kama uwanjani, mtu hawezi kushinda kwa ujanja mmoja tu. Jaribu pia kuanza mapema. Gent–Wevelgem ya 2022 walifika wanne pamoja. Girmay akaondoka kabla ya wenzake, ikawabidi wamfukuze, hawakumpata. Anayeanza mapema anahitaji miguu. Anayesubiri anahitaji macho. Jua wewe una kipi zaidi, ukifanyie kazi kingine.

Amri moja: hakuna kusogea upande wa mwenzako mkiwa kwenye kasi. Kila mtu mstari wake hadi mwisho.

Kuupanga mwaka kwa mto

Msimu wa bonde unaamuliwa na maji. Masika, Machi hadi Mei, njia zinakatika. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Usipange kilele chako hapo. Masika ni miezi ya mfuko wa mchanga, fundi na daftari. Maji yakishuka na watu wakaingia kwenye kilimo cha mlau, udongo unakauka, na Juni unaanza mazoezi ya kuondoka na kuruka. Agosti ongeza mapambano. Septemba na Oktoba, punguza wingi, acha ukali, ndipo upime upya.

Mlango wa kutokea

Usingoje kugunduliwa. Ukiwa shuleni, ingia riadha ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mita 100 na 200 za miguu zitaonyesha kama una mchomoko. Peleka nakala ya daftari kwa afisa michezo wa halmashauri, ukimwomba akuunganishe na Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA. Mashindano mengi ya baiskeli nchini yamezoeleka Kanda ya Ziwa, hivyo jiandae kwa safari. Kituo cha Aigle nacho hupokea vijana kupitia mashirikisho ya nchi zao, si kwa kujipeleka. Msichana afuate njia hiyo hiyo bila kupunguziwa hata mita moja. Uwanjani mwendokasi wa wanawake hupimwa kwa mita 200 zile zile.

Ukienda kwa afisa michezo, usimwambie kuwa una kasi. Kila kijana anasema hivyo. Fungua ukurasa wa Juni, kisha wa Oktoba, uziweke mezani pamoja na ule uzi mwekundu uliohesabia mizunguko 91. Mwambie aje apime mwenyewe.